Hitima ya Mama Haikuwa na Wali

Tunduma, Jumapili

Dada yangu Zuhura,

Shikamoo. Naanza na shikamoo kwa sababu Mama alitufundisha hivyo, hata pale mdogo anapokuja na ugomvi. Je, mguu wako bado unavimba? Watoto wanasoma? Paa la jikoni limezibwa au bado mnapika mkikimbia matone? Sisi huku ni wazima. Shemeji yako Athumani anaendelea na kazi yake ya kutengeneza malori, mikono haitakati, na mtoto Rehema ameota meno mawili mbele. Mwili wangu hauna neno. Moyo ndio unaowaka, na aliyeuwasha ni wewe.

Barua yako nimeipata juzi. Nimeisoma nikiwa nimesimama, nikakaa nikaisoma tena nikidhani macho yamenidanganya. Umeandika kwa mkono wako mwenyewe: "Tumesikia arobaini ya Mama umewalisha watu ugali. Ngamiani nzima wanacheka. Kweli ulishindwa hata kilo kumi za mchele?"

Kumbe mnacheka! Basi kaa chini, Dada, nyoosha huo mguu, nikueleze nilivyoshindwa.

Aliyekuletea habari namjua. Ni Kibwana, mtoto wa jirani yetu hapo nyumbani, anayeleta lori mpaka huku mpakani. Alikuwepo siku ile. Alikula sahani mbili na kidari cha kuku, akashiba akalala mkekani mpaka alasiri. Halafu kafika Tanga, kwenye mambo yote aliyoyaona, akachagua kuwasimulia ugali tu. Kikulacho ki nguoni mwako.

Unajua kwamba barua yako ya msiba ilinifikia Mama akiwa na siku kumi na tisa kaburini. Nililia nikanyamaza, nikamwambia Athumani, "Sikumuuguza, sikumzika. Arobaini yake nitaisoma hapa, na watu watakula wali." Akasema sawa. Zilikuwa zimebaki siku ishirini na moja, na mimi mtoto wa pwani nikadhani siku ishirini na moja zinatosha kupata mchele. Nilikuwa na miezi minane tu hapa, mengi sikuyajua.

Nilianza na duka la ushirika. Meneja wa duka hilo watu wamempa jina la Bwana Hakuna, kwa sababu humjibu mtu kabla hajauliza. Ukitokeza mlangoni tu, "Hakuna!" Siku hiyo kwenye rafu palikuwa na dawa ya viatu kuanzia ukuta hadi ukuta, na mipini ya majembe isiyo na majembe. Nikamwambia nimefiwa na mama, nataka mchele wa hitima, na barua ya balozi wetu wa nyumba kumi ninayo. Aliisoma barua kama hakimu, akasema, "Mchele unakuja Alhamisi. Sukari ipo robo kilo, lakini utachukua pamoja na dawa ya viatu makopo mawili."

"Mume wangu anavaa kandambili," nikamwambia.

"Basi apake kandambili."

Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Nilichukua sukari, nikachukua na dawa ya viatu, na makopo hayo yapo hapa dirishani yananitazama ninapoandika.

Alhamisi nilifika alfajiri. Foleni ya huku, Dada, si ya watu. Watu wako mashambani au wamelala. Foleni ni ya mawe, matofali, makopo na kandambili moja moja, kila kitu kimewekwa na mwenyewe kushika nafasi. Nikaweka sufuria langu nyuma ya tofali la mwalimu wa shule, nikarudi kumnyonyesha mtoto. Nilipokuja tena sufuria lilikuwa la mwisho kabisa, limekanyagwa mpaka limekunjamana, na mbele yangu kuna mawe ambayo sikuyaacha pale. Nikauliza jiwe hili la nani, hakuna aliyelijua. Mchele haukuja siku hiyo.

Alhamisi ya pili ulikuja. Nilikaa mwenyewe kwenye foleni, mtoto mgongoni, nikawa wa saba. Niliyaona magunia kwa macho yangu yakiingia mlango wa mbele. Wa kwanza akapewa, wa pili akapewa, wa tatu akapewa, kisha Bwana Hakuna akajifuta mikono akatangaza, "Umekwisha." Umekwisha! Magunia mawili kwa watu watatu! Nilizunguka nyuma ya duka nikakuta baiskeli inaondoka imebeba gunia, na mwendeshaji wala hana haraka, anapiga na kengele. Nilirudi mbele nikamwambia Bwana Hakuna maneno ambayo Mama angenichapa kwa ajili yake. Aliniambia, "Mama, ukitaka wali rudi kwenu pwani. Hapa watu wanakula ugali."

Usidhani tulikaa na kusubiri. Athumani alifika mpaka Mlowo, akakuta mahindi na kahawa na watu wanaotafuta mchele kama yeye. Akamwagiza mwenzake mmoja Kyela, ambako mpunga umejaa mashambani. Yule bwana akanunua gunia zuri, akafika nalo hadi kwenye kizuizi cha barabarani, wakaliteremsha. Chakula hakisafirishwi bila kibali. Alipouliza kibali kinatolewa wapi, wakamwambia ofisini, na mwenye ofisi yuko safarini. Niambie wewe uliyeshiba, maana mwenye shibe hamjui mwenye njaa, ningefanya nini hapo?

Zilibaki siku nne. Jirani yangu Mama Tumaini, Mnyiha wa Itaka, mke wa mkata mbao, akanishauri niende mpakani kwa akina mama wanaovuka kutoka Zambia na biashara zao kwenye beseni. Sikuwahi kwenda, kwa sababu Athumani hapendi, mgambo wakikukuta unaitwa mlanguzi. Nilienda. Nikamkuta mama mmoja mnene, mchangamfu, amekaa juu ya kifurushi chake. Nikamwuliza kwa kunong'ona, "Mayo, una mchele?" Mayo ni mama kwa Kibemba, hilo nilikuwa nimejifunza.

Akafurahi, akaitika kwa heshima ya kwao! "Ee mukwai, umuchele! Upo mwingi. Unataka wingi gani?"

"Gunia dogo zima."

Akanitazama kwa mshangao. "Zima? Una watu wengi wewe."

"Nina hitima ya mama yangu," nikasema, na machozi yakanitoka hapo hapo. Akanishika mkono akasema pole, atauleta kesho yake. Hakutaka shilingi zetu. Alitaka kanga. Nikampa doti mbili, Dada. Moja ni ile ya zambarau aliyonipa Mama nilipokuwa naondoka. Unaijua. Niliikunja nikajiambia, Mama mwenyewe angesema toa, ni kwa ajili yake.

Kesho yake akaja na gunia limeshonwa mdomo kwa kamba ya katani, zito sawasawa. Mgambo walikuwa wanapita upande wa pili wa barabara. Nikalibinya kwa vidole, nikasikia punje, nikamwambia mchukuzi twende. Nikalificha chini ya kitanda kwa siku mbili, na kila nikilala nasikia raha.

Mchana wa kuamkia arobaini nikalifungua nipate kuchagua mchele. Nilitumbukiza mkono nikautoa mweupe, unawasha kwenye mkwaruzo wa kidole. Nikaonja. Chumvi. Gunia zima, Dada, kuanzia juu mpaka chini, chumvi ya mawe!

Nilikimbia mpakani bila viatu. Nikamkuta yule mama amekaa pale pale, amejifunga kanga ya Mama. Nikampigia kelele, mwizi, tapeli, umemdhulumu maiti! Naye akainuka na hasira kunishinda mimi. "Mwizi nani? Ulisema umuchele, nikakuletea umuchele!"

"Mchele ule wa kupika wali!"

"Huo ni umupunga! Kama ulitaka umupunga kwa nini hukusema umupunga?"

"Mpunga ni ule wenye maganda!"

"Maganda gani?"

Wachukuzi walikuwa wamelala chini kwa kicheko. Mzee mmoja dereva ndiye aliyetuamua. Kwa Kibemba umuchele ni chumvi, na huo wali wetu, uwe na maganda usiwe nayo, ni umupunga. Kila mpita njia alikuwa anajua isipokuwa mimi. Yule mama alipoelewa akakaa chini polepole. Umupunga hakuwa nao. Alifungua kanga akataka kunirudishia, naye ndani amevaa gauni lililopasuka. Nikamwambia baki nayo. Nilikuwa nimechoka, Dada. Nilikuwa na hasira na Bwana Hakuna, na kizuizi, na lugha zote alizoziumba Mungu, ila yeye hakuwa na kosa.

Nilirudi nikaketi sakafuni na gunia langu. Mama Tumaini alipoingia akanikuta hivyo. Akachungulia ndani ya gunia, akashika kifua.

"Hii ni chumvi?"

"Chumvi."

"Chumvi yenyewe kabisa?"

Usisahau kwamba chumvi ilikuwa imepotea hapa zaidi ya mwezi. Watu walikuwa wanakula maharage kama wanakunywa dawa. Mama Tumaini akauliza, "Mama yako alikuwa na umri gani?"

Nikamjibu bila kufikiri, "Alikula chumvi nyingi."

Akacheka mpaka akakaa. "Basi na sisi utupe ya kwake. Ugali tutapika sisi. Wewe lia, ni kazi yako."

Asubuhi wakaja. Mimi niliwaalika watu wa msikitini na majirani watatu. Wakaja wanawake kutoka Mpemba, kijiji cha hapa jirani, ambao sijawahi kuwaona, unga vichwani, maharage, majani ya maboga, kuku wamefungwa miguu. Wengi ni Wakristo, lakini walikaa kimya nje ya uzio tangu maalim alipoanza kusoma hadi alipofunga dua, na waliposikia "amina" wakaitikia kwa sauti kuliko wanaume waliokuwa ndani. Maalim alichinja kuku. Ugali ukasongwa kwenye mapipa. Na walipoonja ule mchuzi uliokolea, nakuapia, uwanja mzima walilamba vidole. Mzee mmoja alifumba macho. Alipoyafumbua akasema, "Mungu amlaze pema mama huyu," na jina lake hakulijua.

Baada ya kula niligawa chumvi iliyobaki iwe sadaka yake, kila mwanamke konzi moja kwenye pindo la kanga. Kibwana naye alipewa, akaifunga kwenye leso. Muulize iko wapi. Mpaka leo nikipita njiani naitwa na watu nisiowajua, "Mama Rehema, mama yako tunamwombea, ile chumvi bado ninayo kidogo." Hitima yenu ya wali ilikwisha siku ile ile sahani zilipooshwa. Usinune. Wewe ndiye uliyeanza.

Kwa hiyo ugali siuonei haya, na ukitaka kuwatangazia Ngamiani watangazie. Liko jambo jingine ninalolionea haya, na hilo sijamwambia mtu.

Ulinieleza kwamba hukupiga telegramu kwa sababu hukutaka kunishtua, nina mtoto mchanga, na hata hivyo nisingefika mazikoni. Ni kweli nisingefika. Lakini nimehesabu siku kurudi nyuma, nikaijua ile siku ya mazishi. Siku hiyo sabuni ilikuja dukani. Nilisimama kwenye foleni tangu asubuhi na kwa mara ya kwanza tangu nihamie huku nikapata miche miwili mizima. Nilirudi nyumbani naimba, Dada. Nilimrusha mtoto juu, naimba, na nyinyi mlikuwa mnamwingiza Mama ardhini saa ile ile. Nisingekuwa na nauli ya kufika, lakini ningelia na nyinyi siku moja. Hilo ulininyima wewe, si Bwana Hakuna.

Msalimie mjomba aliyeshuka kaburini kumpokea. Msalimie shangazi aliyemwosha, mwambie naishukuru mikono yake. Wifi yetu anayelala chumba cha Mama, mwambie asiuhamishe mto. Kibwana usimsalimie.

Athumani anakuamkia. Na jambo lolote likitokea tena nyumbani, la heri au la shari, nipigie telegramu siku hiyo hiyo. Nishtue.

Mdogo wako, ambaye kilio chake kimechelewa na hakijesha,

Mwanaidi