Kisiki kimeshuka mulima

Siku ya posho (jumamosi), magaribi

Kile kisiki cha mukaratusi katikati ya kiwanja chetu kimetoka. Bwana yangu alisemaka mizizi yake inafika mpaka kijiji cha Kirotshe, tujenge nyumba kando yake tu.

Leo mimi na wifi yangu Furaha tulichimba, tukakata mizizi na shoka, tukafunga kamba ya ng'ombe, tukavuta kuelekea chini ili mulima utusaidie.

Ulitusaidia kupita kiasi. Kisiki kiliviringika mpaka mu maharagi ya jirani wetu, Papa Bahati. Naogopa kukutana naye kesho kanisani. Nitamupa kuni yote ya kisiki, na bado haitatosha.

Bwana yangu alirudi, akazunguka shimo polepole. "Njo vile nilisemaka," akasema. "Nyumba inafaa kusimama hapa kati."

Nikamupa jembe afukie shimo.