Siku Mwanao Aliponililia

Chumba cha nyuma, karakana ya ushonaji
Jumapili, baada ya mvua

Mpendwa dada yangu,

Pole sana kwa ugonjwa. Unaendeleaje, na mguu umeanza kukanyaga? Usiku unapata usingizi? Sisi huku ni wazima, na mwanao mashavu yamejaa.

Kuna jambo sikukueleza mapema, nisikuongezee maumivu. Ulipopelekwa hospitali ya huko mbali, mtoto alinyamaza. Alikunywa maziwa, akabadilishwa nepi, akanitazama kama anavyotazama ukuta. Shangazi akasema tumepata mtoto mpole. Mimi roho haikutulia, nikampeleka kliniki. Muuguzi akampima, akaniambia, "Hana homa. Amepoteza uso aliouzoea. Mpe mwingine, na msimbadilishie tena."

Basi nikampa huu wangu, ingawa unaujua ulivyo.

Nikaweka kikapu chake kando ya cherehani. Nikikata suruali namsimulia, akiguna, naguna. Wateja wakasema fundi amerukwa na akili. Waseme. Siku moja nilijidunga sindano nikakunja uso, naye akakunja wake. Nikacheka peke yangu kama mwehu.

Juzi Shangazi alikuja na begi, akaanza kupakia nguo za mtoto ahamie kwake.

"Mwanamume na kulea, wapi na wapi?" akasema.

"Shangazi, njoo tumlee wote hapa hapa, hata kila siku," nikamjibu. "Lakini kuhama hahami, mpaka mama yake arudi."

Akanuna. Nikatoka nje kumpokea mteja, nimwache apoe.

Nyuma yangu kilio kikapasuka. Dada, kilio cha kweli, cha kunidai mimi. Nikarudi mbio, nikamwinua. Mtoto akanikamata kola, akaficha uso shingoni mwangu, akatulia. Shangazi akazitoa zile nguo begini, moja moja, akazipanga kwenye rafu yangu.

Ukirudi, huenda akalia akikuona, akaning'ang'ania mimi. Usivunjike moyo. Tutakaa naye sakafuni mimi na wewe mpaka akuzoee, na suruali za watu zitangoja. Ameshajua kumpenda mtu. Kukupenda wewe hakutamshinda.

Shangazi anakusalimu sana, na jirani fundi viatu pia. Msalimie mwenzako wa kitanda cha pili. Mungu akusimamishe kwa miguu yako miwili.

Nduguyo akupendaye,
fundi wa suruali, na sasa wa nepi