Nimembloki Okoth, Sijakubloki Wewe Mama

Laini ya juu, shamba la chai, Kericho

Kwako Mama Odhiambo, mama mkwe wangu,

Habari ya huko Alego? Goti lako je, lile la kushoto linalokusumbua mawingu yakianza kukusanyika? Na yule ng'ombe mweusi amezaa, au bado anatuchezea shere? Sisi huku tuko wima kwa neema ya Mungu. Akinyi mjukuu wako amepona kikohozi. Anarefuka miguu tu kama marehemu baba yake, na viatu vya Krismasi tayari vinambana. Mimi mwili ni mzima, lakini moyo haujatulia, na sitakuficha.

Usishangae kuletewa karatasi siku hizi za simu. Nimempa mama mmoja wa kanisani kwetu anayekuja mazishini karibu na kwenu, na nimemwapisha aiweke mkononi mwako, asimpe mtu mwingine hata akijiita kichwa cha boma. Nimeandika Kiswahili kwa sababu Dholuo yangu unaijua, ni ya mtoto aliyezaliwa kwenye laini za chai, hizi nyumba za wafanyakazi, ambako Mkisii, Mluhya na Mkipsigis wote wanagombania bomba moja la maji. Ulinicheka sana mwaka ule nilipoolewa, ukaniita Nyar Kericho, binti wa Kericho, na jina likanishika.

Kazi ni ile ile, ila mashine zimeingia. Sisi tuliokuwa tunachuma kwa vidole sasa tunabeba mashine wawili wawili, mimi na jirani yangu Chebet, mmoja upande huu wa mstari na mwenzake upande ule. Jioni mikono inatetemeka hata nikishika kikombe. Waliokosa mashine waliambiwa wasubiri kuitwa, na mpaka leo sijaona aliyeitwa. Kwa hivyo mtu akikuambia ninakula maisha Kericho, muulize ni maisha gani hayo.

Na mtu huyo tunamjua. Mama, Okoth ni mwanao, ulimbeba mgongoni kama ulivyombeba Odhiambo wangu, kwa hivyo nitajaribu kuchagua maneno. Alianza vizuri. Baada ya matanga alikuwa akinitumia salamu za asubuhi, maua ya kwenye simu na mistari ya Biblia. Nikasema, shemeji ana huruma. Halafu mistari ikawa yote ni ya Ruthu na Boazi. Halafu akaacha Biblia kabisa, akaanza kunitumia sauti yake: "Nyar Kericho, wewe ni mke wetu. Nyumba ya brother haiwezi kaa hivyo bila mwanaume. Nitaingia, utake usitake." Nilimjibu kwa heshima kwamba mimi nimeokoka, na kwamba yeye ana mke wake, Atieno. Akanirudishia kicheko. Kilitoka kwenye simu nikiwa foleni ya kupima majani, watu wakageuka kuniangalia.

Hayo ningeyavumilia. Lakini akaipiga picha nyumba yangu hapo bomani, ile pembe ya paa iliyoinuliwa na upepo, akaiweka mtandaoni na jina langu juu yake. Akaandika kwamba mjane wa ndugu yake ameitupa nyumba ya marehemu kwa sababu ya wanaume wa Kericho. Watu wa ukoo wakajaa hapo chini kama nzi. Wengine sikuwaona hata kwenye mazishi. Mmoja akauliza kama Akinyi ni damu yao kweli. Na ni Akinyi aliyeniletea hiyo simu, Mama. Mtoto alikuwa ameshasoma yote kabla yangu. Nililia mbele yake, jambo ambalo silipendi.

Chebet alininyang'anya simu. "Mama Akinyi, kwa nini unateseka na mtu ako mbali hivyo? Plok yeye. Kidole moja tu, maneno kwisha. Hata ile ya kupiga, plok pia." Akanifanyia mwenyewe, akafunga kila mlango, wa sauti, wa maandishi na wa picha. Mimi nikatoka kwenye grupu ya ukoo. Siku hiyo nilikula ugali nikausikia utamu wake. Nikasema, kumbe amani ni kitu rahisi hivi.

Sikukumbuka kwamba boma zima mna simu moja tu inayonifikia, na simu hiyo iko mfukoni mwa Okoth. Ukitaka kunisalimia, ni yeye anayebonyeza. Akinyi akitaka kusikia sauti ya nyanya yake, inapitia kwake. Nilipomfunga yeye, na wewe nikakuacha nje kwenye baridi, na sikujua.

Tena hapa kwetu mvua haina msimu. Inanyesha karibu kila mchana, na siku nyingine inakuja na mawe, inatupasulia majani. Mtu wa Kericho haangalii mbingu kujua ni mwezi wa kupanda. Kwa hivyo haikunijia kabisa kwamba huko kwenu mvua ya mahindi imeshuka. Mwaka jana unakumbuka tulivyofanya. Ulipanda kwanza wewe, mama wa boma. Kisha ukashikiliwa simu sikioni, nikakuambia, "Mama, nipandie," ukatia mbegu za kwanza kwenye shamba la Odhiambo, kifungua mimba wako, kwa niaba yangu. Nyumba ya mkubwa ikawa imepanda, na wadogo wakafuata. Wazee walinung'unika kwamba sikuja mwenyewe, wewe ukawaambia mahindi yataota tu. Mwaka huu neno langu halikufika, na bila nyumba ya mkubwa kupanda, Okoth hawezi kupanda, wala kitinda mimba wako. Majembe yamelala. Nami nilikuwa hapa nikifurahia ukimya.

Juzi mchana ikanipigia namba ngeni. Nilitaka kuikata. Kumbe ni Atieno, mke wa Okoth, amesimama kwenye posho mill, pale mnaposagia mahindi, na simu ya kuazima. Namba yangu aliitoa kwenye simu ya mumewe alipokuwa anaoga. "Dada, Mama amekutumia neno mara mingi, hujibu. Mvua inaenda. Mahindi ya majirani imefika magoti, yetu hata shimo hakuna. Watu wanasema Nyar Kericho amefunga mvua na simu."

Nikamuuliza, kwani Okoth hakuwaambia kwamba nimembloki yeye?

"Alisema umekataa boma. Na dada, usinikasirikie. Ametundika koti yake kwa nyumba yako. Iko kwa msumari, nyuma ya mlango." Hakuna hata mmoja wenu aliyemuuliza Atieno anaonaje mumewe akiingia nyumba nyingine.

Mama, nimeumia. Nimeumia kwa hilo koti, maana nawe unajua kuliko mimi kwamba koti la mwanaume likikaa kwenye nyumba ya mjane, ukoo unahesabu amesharithiwa. Lakini kilichonikata zaidi ni kwamba uliamini nimekataa boma. Siku tuliyomzika Odhiambo ulinishika kiuno nisianguke, ilhali wewe ndiye uliyemzaa. Mtu wa namna hiyo ningemnyamazia hivi hivi, bila sababu? Ungeniuliza hata kwa kumtuma mtu. Nimekasirika nawe kidogo, na nimeona niseme kuliko kukaa nalo.

Sasa nisikilize. Barua hii ikikufika, usinisubiri. Chukua mbegu, nipandie kama mwaka jana, ili watoto wa Atieno wasilale njaa kwa ugomvi wa watu wazima. Neno langu ndilo hili, nimelitoa. Okoth simfungulii. Hata Chebet, aliyemfunga kwa mkono wake, sasa ananiambia nimfungulie kidogo mpaka mvua ipite. Nimemwambia kwamba Okoth hajui kidogo.

Nimeomba ruhusa kwa nyapara, na Jumamosi ninakuja na Akinyi. Kumfunga mtu kwenye simu nimeweza. Koti siliwezi, limo ndani ya nyumba yangu na mimi niko huku. Nikilitoa mwenyewe, watasema mjane ana kiburi. Atieno akilitoa, atapigwa. Wewe ndiye mama wa boma, na mwenye koti ulimzaa. Sikuamuru, Mama, nakuomba. Nitakusalimu kwanza, na sitakuuliza kitu. Nikifungua mlango nikute msumari mtupu, nitaingia, niwashe moto, nikupikie. Nikilikuta koti, nitamshika mtoto wangu mkono tugeuke, na nitajua kwamba siku ile mlipomzika Odhiambo, nami mlinizika.

Nisalimie kitinda mimba wetu, mwambie gambuti alizoniomba, zile buti za matope, zimepatikana. Nisalimie mke wa mchungaji, yule aliyenifundisha kukoroga uji unaoupenda. Atieno msalimie mkiwa wawili tu jikoni, umwambie namba ya posho mill nimeihifadhi kwa jina lake. Na Okoth msalimie pia, lakini kwa mdomo.

Ni mimi, mke wa mwanao, kama bado unanihesabu,

Nyar Kericho