Chupa Namba Kumi na Tisa

Freiburg, 6 Machi

Baba mpendwa,

Salamu nyingi. Natumai u mzima na mgongo umetulia. Mimi sijambo. Asante kwa kuja maabara kututolea damu. Tulikuwa tumepungukiwa mtu mmoja tu mwenye afya wa kulinganisha na wagonjwa wetu, na wewe sijakuona ukiugua hata mafua. Chupa yako ni namba kumi na tisa. Sikupaswa kujua, lakini siku ile tulikuwa wachache, nikaibandika mwenyewe.

Uliuliza tunatafuta nini humo. Kuna seli za damu zinazotengeneza kinga ya mwili. Ndani yake kuna kimeng'enya kinachopokea habari kwamba adui kaingia, kikaifikisha panapohusika. Tuseme ni tarishi, kama wewe. Seli yenye afya inajua kiasi chake: matarishi wakizidi inawapunguza, wakipungua inaongeza. Tunataka kujua inajuaje.

Halafu, Baba, kwenye fomu umetia alama "Sitaki kuarifiwa lolote litakaloonekana." Najua hukuvaa miwani. Nikurekebishie?

Mwanao,
Gundula

Elzach, 11 Machi

Gundula mwanangu,

Barua nimeipata, nimefurahi. Mimi mzima, ila paka wa jirani amezalia kwenye mkoba wangu wa posta, sasa siwezi kuugusa.

Miwani nilivaa. Mama yako aliambiwa mwezi wa Oktoba, na tangu siku hiyo hakuimba tena kwaya. Miaka miwili tulikaa na ile habari mezani, chakula hakipiti. Ugonjwa wenyewe ulikuja kumwangusha mwishoni kabisa. Usinirekebishie kitu.

Njoo Pasaka.

Baba yako

Freiburg, 23 Mei

Baba mpendwa,

Nisamehe kwa kimya, na kwa kutokuja Pasaka. Kazi zilinibana.

U mzima? Nauliza kweli. Unakula? Suruali haijalegea? Shingoni huna vivimbe? Kamwone daktari wa hapo akupime damu, watu wa umri wako hupima kila mwaka. Hata matarishi wakizidi, siku hizi kuna vidonge vya kuwatuliza, mtu anameza na kahawa yake. Ila cha muhimu ni kuwahi.

Mwanao,
Gundula

Elzach, 27 Mei

Gundula,

Mimi mzima. Kula nakula, suruali ni ileile ya posta. Mbona unanihoji kama polisi wa barabarani?

Nimepeleka barua miaka thelathini na minane. Watu walikuwa wananisoma usoni kabla hawajafungua bahasha, nikajizoeza kutazama viatu vyangu. Barua yako inatazama viatu.

Mboga za asparaga zimetoka. Njoo tule, na huo uso uuache huko.

Baba yako

Elzach, 6 Juni

Mwanangu,

Salamu. Bahasha yako nene ya tarehe mbili nairudisha ndani ya hii. Sijaifungua. Nimepiga mstari juu ya jina langu na kuandika "Mpokeaji amekataa," kama nilivyowaandikia wengine. Kama ulivunja sheria ya kazini kwako, basi hujaivunja, maana haikunifika.

Anwani imelowa, wino umechuruzika. Najua ulilia. Najua pia nakuachia mzigo ubebe peke yako, na si haki. Nisamehe. Lakini kwaya ni kila Alhamisi, na sauti za chini tumebaki wawili. Nataka niende nikiimba, si nikihesabu siku.

Baba yako

Freiburg, 9 Juni

Baba,

Bahasha imenifikia. Nimeitia kwenye droo ya kazini. Nimekukasirikia, ujue. Profesa wa maabara yetu anasema fomu ni fomu, na wewe unasema hivyohivyo. Mmenishinda. Kila asubuhi navaa koti jeupe, nakaa mbele ya darubini, na sina la kufanya.

Jumapili nakuja. Wewe kaanga viazi, jibini laini nitaleta mimi. Nitabaki mpaka Alhamisi, nikae kiti cha nyuma niwasikilize.

Utanisamehe, safari hii hali yako sikuuliza.

Mwanao,
Gundula