Kiti Kando ya Mkwe

Jumatatu, 6 Oktoba 2025

Akeyo amepita kwangu hapa Bredäng akitoka mazoezini, miguu imevimba, njaa tele. Binti yangu sasa anacheza katika kazi mpya ya Felicia, mtunzi wa dansi kutoka Australia. Felicia ni Mwiradjuri — watu wa mito mitatu, mbali na pwani, huko New South Wales. Dansi yenyewe inahusu ujamaa: nani ni nani kwako, nani unamtunza, nani humtazami usoni. Sehemu moja ni ya mama mkwe na mume wa bintiye. Hawatazamani kabisa! Nilicheka hadi chai ikamwagika. Nikamwambia hayo nimemfundisha mimi, tena bure.

— Hukunifundisha, Mama. Ulikuwa unamkimbia mume wangu tu!

Alhamisi, 9 Oktoba

Balaa. Aron, mume wa Akeyo, amenunua tiketi mbili za onyesho la kwanza. Yangu na yake. Viti vya kando kwa kando! Zawadi, eti.

Kwetu Wajaluo, mama mkwe hali meza moja na mkwewe, hampi mkono, halali nyumbani kwake. Si chuki. Ni heshima, tena ile kubwa. Ndiyo maana nikienda kwao Sundbyberg nakula balkonini. Hata Januari, kwenye theluji! Akeyo alimweleza zamani, mbio mbio; Aron akaitikia kwa kichwa, kama Waswidi wanavyoitikia kila kitu. Na bado ananiita "Maryanne!" kana kwamba tulisoma darasa moja.

Leo Akeyo kaniambia ukweli: Aron anaamini simpendi. Kasema nikihama kiti mbele za watu, hatajaribu tena. Ataniachia balkoni yangu.

Simpendi! Kijana anayenipandia ngazi kunibadilishia taa, nami nimejifungia jikoni!

Jumapili, 12 Oktoba

Nimeenda kutazama mazoezi. Felicia ananiita Shangazi. Kwao ndivyo wanavyomwita mwanamke mzee. Nimempenda papo hapo. Nilipomsimulia habari ya balkoni alicheka akishika mbavu. Anasema mambo mengine ya mila ni ya nyumbani, hayapandi jukwaani. Haya ya mkwe wazee wake wamemruhusu. Wana neno, yindyamarra — heshima, upole, kwenda polepole.

Na kweli wanakwenda polepole. Mwanamume anatua mzigo wa kuni, anageuka, anakwenda zake. Ndipo mwanamke anakuja kuuchukua. Hawatazamani, lakini kila mmoja anajua barabara mwenzake yuko wapi. Mama mkwe ni Akeyo! Anatembea kama mimi, mwizi yule — mkoba kifuani, shingo upande.

Laiti Aron angeona. Nikamwomba Akeyo amwambie tubadilishe viti.

— Mimi si posta, Mama.

Ijumaa, 17 Oktoba — mapumziko

Naandika hapa hapa ukumbini. Nimekaa! Kando yake. Wazee wangu wanisamehe. Mkoba katikati yetu kama ukuta, macho kwenye taa ya mlango. Aron kasema "Hej, Maryanne." Nikauitikia mlango.

Ikaja sehemu ile. Akeyo akapita na mkoba wake, watu wakacheka kidogo. Aron hakucheka. Nilimsikia akishusha pumzi, ndefu. Taa zilipowaka aliinuka akaondoka. Nikajua basi, nimempoteza.

Sasa amerudi. Kinyumenyume! Anapita kati ya magoti ya watu, anaomba radhi huku na huku, kikombe mkononi. Bila kugeuka ameweka kahawa na andazi la mdalasini juu ya kiti chake mwenyewe, akaondoka. Amesimama mwisho wa safu, kanipa mgongo, wima kama askari. Watu wanatukodolea macho.

Kengele imelia. Mhudumu anakuja, naye ana uso wa kukataza vikombe. Nami siwezi kukichukua — Aron hajasogea vya kutosha. Na kiti chake kina kahawa yangu, atakaa wapi?

Sogea, mwanangu. Kidogo tu. Hageuki — ila mkono wake, nyuma ya mgongo, unaniashiria ninywe, ninywe, kabla mhudumu hajafik—