Boksi la Spika Ulilolificha Stoo

Baba, shikamoo.

Naandika nikiwa nimekaa kwenye benchi lako la useremala, hapa Sombetini. Mama amebaki kijijini Kikatiti tangu tulipokuzika huko. Anasema nyumba hii imekuwa kimya mno. Mimi huja Jumamosi kufungua madirisha. Vijana wa bodaboda wamehamishia kijiwe chao mlangoni kwako, wanafuata kivuli. Nimewaacha. Najua na wewe ungewaacha.

Lakini siandiki kwa ajili ya hayo. Nina jambo la kukiri.

Unakumbuka siku niliyoleta kile kifaa changu cha kurekebishia sauti ya gitaa, kidogo kama Biblia ya mfukoni? Nilikichomeka kwenye amplifaya yako, na amplifaya kwenye boksi la spika ulilotengeneza mwenyewe kabla sijazaliwa, mbao za mgrevilia, mbele limefunikwa gunia la kahawa. Boksi hilo ndilo ulilopigia gitaa la kwaya ya Kikatiti miaka yote. Nikapiga. Sauti ikatoka nzito, imezibwa, kama mtu anayeongea akiwa amejifunika blanketi.

Ukasema, "Rehema, hiyo siyo sauti ya boksi langu. Angalia kifaa chako."

Nami nikakujibu... Mungu anisamehe. "Baba, kifaa ni kipya. Boksi ndilo limezeeka. Na masikio yako pia."

Hukukasirika. Afadhali ungekasirika. Ulipiga magoti, ukaweka sikio kwenye gunia, ukasikiliza kwa muda mrefu. Kisha ukasema polepole, "Labda." Wiki iliyofuata boksi halikuwepo sebuleni. Kwaya walipokuita, ukawaambia vidole vinauma. Sikuuliza. Hukupiga tena mpaka presha ilipokuchukua.

Mwezi uliopita tulikuwa tunajiandaa kwa ibada ya kusimika msalaba kaburini kwako. Mama akasema, "Siku hiyo nataka boksi la baba yenu lisikike." Nililikuta stoo, nyuma ya magunia ya mahindi, limefunikwa shuka. Nikalifungua kwa nyuma nione limeharibika nini. Baba, nyaya zote zilikuwa mpya. Kila kiungo ulikuwa umekiunga upya, kila skrubu umeikaza, na pembeni ulikuwa umepaka gundi hata pale ambapo hapakuwa na ufa. Ulikuwa unatafuta kosa. Peke yako, bila kuniambia.

Nikalipeleka mazoezini kanisani Olasiti. Sauti ikawa ile ile ya blanketi. Elisante, fundi mitambo wa kanisani kwetu, alisikiliza kidogo tu, akauliza, "Umezima spika ya kuiga?"

Sikuelewa. Akanieleza kwamba ndani ya kifaa changu mna sehemu inayoiga sauti ya spika ikiwa ndani ya boksi lake. Imewekwa kwa ajili ya mtu asiye na boksi, anayechomeka moja kwa moja kwenye mikisa, ile mashine ya kuchanganyia sauti. Mwenye boksi la kweli huizima. Mimi sikuizima. Sauti ilipita kwenye boksi la kuiga, kisha ikapita tena kwenye lako, na kila mara ikapoteza makali yake.

Akabonyeza hapa na pale. Njia inayokwenda kwenye mikisa akaiachia ile ya kuiga. Inayokuja kwenye boksi lako akaiondolea. "Haya, piga."

Nikapiga. Ilikuwa ile sauti iliyokuwa inanifikia jikoni nikiwa mtoto, kavu kidogo, nyuzi nyembamba zikisikika moja moja. Nikaweka gitaa chini, nikatoka nje, nikalia nimeegemea ukuta wa kanisa mpaka Elisante akaja kunichukua.

Ulisikia sawasawa, Baba. Mimi ndiye niliyekufanya usiyaamini masikio yako mwenyewe.

Nilimweleza Mama yote. Nilidhani atanigombeza. Aliendelea kuchambua mboga, kisha akasema, "Alikuwa anajifungia stoo, akitoka ananiambia alikuwa anatafuta msumeno. Nikajua anaumwa moyoni."

Siku ya ibada tuliweka boksi kwenye majani ya migomba, hatua chache kutoka ulipolala. Mlima ulikuwa umefunikwa na mawingu. Nikapiga ule wimbo uliopenda kuanza nao. Wazee wa kwaya wakatazamana. Mzee Anaeli, mliyeimba naye tangu ujana, akaja akaweka kiganja juu ya boksi na hakukiondoa mpaka wimbo ukaisha. Mama aliimba sauti ya pili. Sikuwahi kujua kwamba anaijua.

Sijui kama kuomba radhi kunafika huko uliko. Naomba hata hivyo. Nisamehe, Baba.

Mzee Anaeli ameniomba nitengeneze boksi jingine, likae kanisani Kikatiti. Mbao zako bado zimeegemea ukutani hapa, zimekauka vizuri. Nakuahidi nitapima kila ubao kwa kufuata la kwako. Na likikamilika sitakuwa wa kwanza kusema. Nitamkalisha Mama mbele yake, nitapiga, kisha nitanyamaza nimsikilize atakachosema. Akisema kuna kitu hakiko sawa, nitaanza kutafuta kosa kwangu.

Pumzika, Baba. Kesho tukitoka ibadani nitafunga aproni yako, nianze kupasua mbao.

Binti yako,
Rehema