Jasho la Baba

Buyenzi, Jumanne, Novemba 1997

Mvua imenyesha tangu alfajiri na turubai la msiba linavuja. Uani wanawake wanapika chai ya wageni, chai ya sukari.

Leo namchukia kila anayekunywa chai.

Baba alikuwa fundi wa magari, mzee wa kelele na utani. Wiki iliyopita alipasuliwa jipu la mguu, wakamruhusu upesi kwa kuwa majeruhi wa vita walijaa mpaka koridoni. Alirudi na vidonge vyake vya kisukari vya siku zote, na antibiotiki mpya ya kidonda. Dawa tulimpa zote bila kukosea saa. Chakula alikataa, uji vijiko viwili basi.

Jumapili asubuhi akatoka jasho, shuka ikalowa chepechepe. Na sisi tukafurahi! Hapa kwetu, kwa malaria zetu, jasho ni habari njema. Shangazi Mwajuma akampangusa akisema, "Alhamdulillah, homa inatoka." Mikono ya Baba ikatetemeka, tukamwongezea blanketi.

Baba akanitazama. "Zaina, mi nataka chai ya sukari."

Nikacheka. "We muzee, apana! Sukari ndiyo imekuleta hapa."

Nilikuwa nimeificha sandukuni. Tangu ambargo, nchi jirani zilipotufungia biashara, sukari ni adimu, na Baba ni mdokozi wa sukari tangu zamani.

Baadaye akaniita kwa jina la marehemu mama. Tukasema anaota. Adhuhuri tukamwamsha aswali, hakuamka. Mafundi wenzake wakamkimbiza hospitali kwa pikapu.

Daktari akapima damu, akauliza alikula nini. Kumbe kuna antibiotiki ambazo kwa mzee, pamoja na vidonge vya kisukari na tumbo tupu, zinaweza kushusha sukari mwilini mpaka mtu azimike. Lile jasho, ule mtetemeko, kule kunichanganya na mama, ndizo dalili zenyewe. Akasema kwamba asubuhi ile, angali anaweza kumeza, chai ya sukari ingeweza kumsaidia.

Baba alikata roho kabla ya alasiri.

Siku ya kumruhusu hakuna aliyetuonya. Nimemkasirikia daktari aliyemruhusu, nikamwonea huruma na wodi yake iliyofurika, kisha nikamkasirikia tena.

Jana tumemzika. Leo Shangazi kaja kuniomba sukari ya wageni, nikafungua sanduku nikampa yote. Kikombe kimoja cha chai nimekiweka kando ya kitanda cha Baba, kitamu kama alivyopenda. Kimeshapoa.

Sasa nikimwage, au nikinywe?